Jinsi ya kuchimba na kusoma shimo la choo cha zamani: mwongozo kamili kwa wanaoanza akiolojia

Kila msimu wa kuchimba ukiisha kuna swali linarudi. Mtu amekutana na choo cha zamani, amechimba kwa bidii mpaka chini, ameleta magunia ya vigae na chupa, halafu anauliza "sasa hawa watu walikuwa wanaishije?" na inabidi aambiwe haiwezekani kujua tena. Karibu kila mara sababu ni ileile. Shimo limechimbwa kama shimo moja, vitu vimetiwa ndoo moja, na udongo wenyewe umemwagwa pembeni kama takataka.

Shika mambo mawili, mengine yote hapa yanatoka humo. La kwanza, kuna vitu vilivyoingia shimoni wakati choo kinatumika na kuna vitu vilivyotupwa siku choo kinafungwa, na ukivichanganya huwezi kuvitenganisha tena. La pili, udongo ndo kitu chenyewe, vigae ni nyongeza.

Historia ya vyoo tunairuka. Mifano mingi nimeitoa Philadelphia na New York kwasababu vyoo vya nyuma ya nyumba vya kule vimechimbwa sana na vikasomwa vizuri, ila pwani yetu ntaigusa pale inapohusika kweli.

Kabla ya kushika mwiko: kibali

Usichimbe bila kibali, hata kama shimo liko shambani kwa babu yako. Tanzania bara kuna Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, Kenya kuna sheria ya makumbusho na urithi ya 2006, Zanzibar wana idara yao. Magofu mengi ya pwani yanalindwa. Kama wewe ni mwanafunzi, ingia chini ya mradi wenye kibali tayari, utajifunza zaidi na hutapata matatizo.

Vifaa

- Mwiko mdogo wa fundi mwashi wenye ncha, kijiko cha chuma, na vijiti vya mianzi vya kutolea vitu laini
- Ndoo za lita 10, nyingi, zenye vifuniko
- Machekeche matatu ya kuwekana juu kwa juu: matundu ya milimita 4, milimita 1, na milimita 0.3
- Maji mengi na mpira wa maji wenye presha ndogo
- Mifuko ya plastiki yenye zipu, lebo zisizolowa, penseli (wino wa peni unafutika ukilowa)
- Futi ya chuma, kamba, misumari, pimamaji, karatasi za grafu
- Simu au kamera yenye picha safi, na rula ya kuweka kwenye kila picha
- Glavu nene na glavu za mpira, gambuti, barakoa, kofia ngumu
- Mbao na miti ya kuzuilia kuta za shimo
- Boksi la kuhifadhi baridi, au friji kama ipo karibu

Ukikosa kitu kimoja kwenye orodha hii kisiwe chekeche la milimita 0.3. Mtu anachekecha na waya wa kuchekechea mchanga wa ujenzi halafu anasema "hapa hamna mbegu". Mbegu zilikuwepo, zimepita kwenye matundu.

Hatua ya 1: Hakikisha ni choo

Kwenye miji ya Marekani choo kilikuwa nyuma kabisa ya kiwanja, karibu na mpaka wa jirani, mbali na mlango wa mbele. Ramani za bima ya moto za kampuni ya Sanborn, walioanza kazi 1867, zinachora mpaka vibanda vya uani, kwahiyo wachimbaji wa kule wanaanza na ramani kabla ya kugusa udongo. Ardhini utaona doa la duara au la pembe nne, udongo wake mweusi zaidi na laini zaidi kuliko wa pembeni, mara nyingi pamebonyea kidogo juu.

Kwenye majumba ya mawe ya pwani ni tofauti. Ukienda Gedi, magofu ya mji wa kale wa Waswahili karibu na Malindi, Kenya, utaona choo kimo ndani ya nyumba yenyewe, kimejengwa kwa mawe, shimo liko chini yake, na pembeni kuna mahali pa kujitawadhia. Kwahiyo usianze kutafuta uani, anza na vyumba vya nyuma. Na kwasababu watu walitumia maji, usikae unasubiri kukuta matambara ya kujipangusia kama yale yanayotoka kwenye vyoo vya Ulaya ya kaskazini.

Angalia sana usichanganye choo na kisima. Kisima kinashuka mpaka kwenye maji, choo kwa kawaida kinaishia juu zaidi. Shida ni kwamba visima vingi vilipokauka au kuchafuka viligeuzwa vyoo au majalala, kwahiyo shimo moja linaweza kuwa lilikuwa yote mawili kwa nyakati tofauti. Andika unachoona tu, jina utalipa baadae.

Kwanini tunahangaika na mashimo haya? Mjini sakafu za zamani na viwanja vinafutwa kila nyumba mpya inapojengwa, basementi zinakata kila kitu. Kinachobaki ni mashimo marefu tu. Sehemu ilipojengwa Makumbusho ya Mapinduzi ya Marekani pale Philadelphia, wachimbaji walifanya kazi kuanzia 2014 mpaka 2016, wakakuta mashimo ya vyoo 12 yaliyojengewa matofali na vitu karibu 85,000. Sehemu kubwa ya maisha ya mtaa ule ilibaki ndani ya yale mashimo.

*Ukifaulu:* una mpaka wa shimo umeuona pande zote, umeupiga picha na kuuchora kwenye ramani ya eneo, na hujachimba hata sentimita moja ndani.

Hatua ya 2: Usalama, na hii usiiruke

Udongo wa choo ni laini, ukuta unaanguka bila kukupa taarifa. Ukifika kina cha kifuani weka mbao za kuzuia au panua shimo kwa ngazi, na usiingie peke yako kamwe, lazima mtu awe juu anakuona. Hili sio pendekezo.

Choo cha miaka mia kadhaa hakina tena uwezo wa kukuambukiza minyoo, mayai yaliyomo yameshakufa zamani. Lakini choo kilichotumika miaka ya karibuni ni hatari kweli, kwasababu mayai ya minyoo ya askarisi yanaweza kukaa hai kwenye udongo kwa miaka, na gesi inaweza kujikusanya chini. Kama hujui kilifungwa lini, kichukulie kama cha jana. Chanjo ya pepopunda iwe imekamilika, maana chupa zilizovunjika ni nyingi kupita maelezo, na vipande vyake vinakaa wima kwenye udongo laini.

Na ukikuta mifupa unayohisi ni ya binadamu, simama hapohapo. Funika, toa taarifa kwa msimamizi na mamlaka. Usiitoe wewe. Inatokea zaidi ya watu wanavyodhani na ntaeleza mfano mbele.

Hatua ya 3: Kata shimo nusu kwa nusu

Piga kamba katikati ya shimo. Chimba nusu moja tu, acha nusu nyingine imesimama. Ukishuka nusu mita hivi, simama, safisha ule ukuta ulioachwa kwa mwiko mpaka uone mistari ya rangi, piga picha, chora. Endelea hivyo mpaka chini.

Sababu ni kwamba ukichimba shimo zima kwa pamoja unaona udongo kutoka juu tu, na kutoka juu tabaka jembamba la chokaa la sentimita mbili unalipita bila kujua. Ukiwa na ukuta mbele yako unaona mpangilio wote, halafu nusu ya pili unaichimba tabaka kwa tabaka ukijua kinachokuja. Nusu ya pili ndo inayokupa vitu safi, kwahiyo usiichimbe kwa haraka eti kwasababu umeshajua kilichomo.

Wengi wanakosea kuchimba kwa vipimo, sentimita kumi, sentimita kumi, kama wanavyofanya kwenye viwanja vya kawaida. Ndani ya choo matabaka hayalali sawa, yanabonyea katikati na kupanda pembeni, kwahiyo sentimita zako kumi zinakata matabaka matatu kwa mpigo. Fuata rangi na ulaini wa udongo, sio futi.

Hatua ya 4: Tenganisha matabaka (hapa ndo kazi ilipo)

Kutoka juu kwenda chini utakutana na haya, sio lazima yote, na sio lazima mara moja moja.

*Udongo wa kufunikia.* Uko juu kabisa, mara nyingi unaonekana umebonyea, kwasababu kilichomo chini kilioza kikashuka, wakaongeza udongo mwingine juu. Vitu vya humo vinaweza kuwa vya miaka mingi baadae. Mfuko wake peke yake.

*Kifusi cha kufungia.* Hapa kuna matofali, mawe, vyungu vikubwa vilivyovunjika, chupa nzima nzima, sahani. Vimeingia kwa muda mfupi, pengine siku chache. Dalili kubwa ni vipande vya chombo kimoja kukutwa sehemu ya juu na ya chini ya tabaka lilelile, au hata kwenye matabaka mawili tofauti. Vipande vikiungana hivyo ujue yale matabaka yalimwagwa pamoja, hata kama rangi zinatofautiana. Kwahiyo ukishaosha vigae jaribu kuviunganisha kabla hujaandika lolote.

*Chokaa na majivu.* Mistari myeupe au ya kijivu. Watu walimwaga kupunguza harufu na nzi. Kwako ni zawadi, kwasababu kila mstari unatenga kilicho chini na kilicho juu, unakuambia kuna kipindi kiliisha na kingine kikaanza.

*Tabaka la matumizi.* Ndo lenyewe. Udongo wa kahawia unaoelekea kijani, unateleza ukiusugua kwa vidole, umejaa vitu vidogovidogo: mbegu, miba ya samaki, magamba, nywele. Ukilikata kwa mwiko na kusogeza uso karibu utaona magamba ya buu wa nzi, yale maganda matupu ya kahawia yanayofanana na punje za mchele, yamelala kwa mamia. Ukiyaona hayo shimo lilikuwa wazi na linatumika, nzi walikuwa wanaingia na kutoka. Kwenye unyevu mwingi harufu bado ipo hata baada ya mamia ya miaka. Mapipa ya vyoo ya karne ya 14 yaliyochimbwa Odense, Denmark, yalikuwa bado yananuka.

*Mabaki ya kusafishia.* Hili linasahaulika sana. Vyoo vya mjini vilikuwa vinatolewa uchafu na watu wa kazi hiyo usiku, halafu vinaendelea kutumika. Hawakukwangua vizuri, kwahiyo pembeni mwa kuta na kwenye kona za chini kunabaki kipande cha uchafu wa zamani zaidi. Mtu anayechimba katikati tu anaukosa. Ukikikuta, kipe namba yake, ni kipindi kingine kabisa cha ile nyumba na pengine ni wapangaji wengine.

Kila tabaka linapata namba, fomu, picha, na mifuko yake. Kila kitu kinachotoka kinaingia mfuko wa namba hiyo hapohapo shimoni, sio jioni kambini.

Nikupe mfano wa kwanini utenganishaji unalipa. Kwenye moja ya vile vyoo vya Philadelphia kulitoka vipande vya bakuli la kuchanganyia panchi (kinywaji cha pombe iliyochanganywa na matunda), la udongo uliopakwa rangi nyeupe na kuchorwa meli, limeandikwa kuitakia mafanikio meli iitwayo Triphena. Bakuli peke yake ungesema haya, familia ilikuwa na kitu kizuri. Lakini pamoja nalo kulikuwa na mabakuli mengine ya panchi, glasi za kunywea, vikombe vya bia, mabaki ya chupa, kiasi ambacho nyumba ya kawaida haihitaji. Kiwanja kilikuwa cha Benjamin na Mary Humphreys, na kumbukumbu za mahakama zinaonyesha Mary alikamatwa 1783 kwa kuendesha nyumba ya fujo, yaani baa bila leseni. Choo na karatasi vinasema jambo moja. Sasa fikiria mabakuli yale yangechanganywa na takataka za miaka hamsini baadae, nani angejua ni ya baa moja?

*Ukifaulu:* mtu ambaye hakuwepo anaweza kushika mchoro wako na mfuko wowote, akaweka kidole kwenye mchoro na kusema "hiki kilitoka hapa".

Hatua ya 5: Chukua udongo wenyewe

Kwa kila tabaka la matumizi chukua ndoo moja ya lita 10 angalau, zikiwa mbili tatu ni bora zaidi, tabaka likiwa dogo chukua lote. Hiyo ni ya kuchekecha kwa maji.

Halafu kabla hujaligusagusa tabaka, vaa glavu mpya za mpira, safisha kijiko kwa maji safi, chota vijiko vichache vya udongo weka kwenye mfuko mdogo, funga, weka kwenye baridi. Hii ni ya minyoo na vipimo vya kemikali. Usiioshe, usiikaushe juani.

Sampuli ambayo karibu kila mtu anaisahau ni ya udongo wa nje ya shimo, kina kilekile, mita chache pembeni. Bila hiyo mayai ya minyoo uliyokuta hayana maana yoyote, kwasababu mtu atakuuliza utajuaje kama hayakuwepo kwenye udongo wa eneo zima? Ukionyesha ndani ya shimo yapo mengi na nje hamna, umemaliza ubishi.

Udongo uliolowa ubaki umelowa. Mbegu iliyokaa majini miaka mia tatu ukiianika inapasuka na kukunjamana, huitambui tena.

Hatua ya 6: Chekecha kwa maji

Panga machekeche, la matundu makubwa juu, dogo chini. Loweka udongo kwenye ndoo kwanza usiku mmoja uachie, maana uchafu wa choo umeshikana mabonge na ndani ya mabonge ndo mbegu zilipo. Mimina kidogo kidogo, maji ya presha ndogo, tumia mkono kuvunja mabonge taratibu. Presha kubwa inavunja mbegu na magamba ya samaki, halafu unabaki na unga.

Chekeche la milimita 4 linakamata mifupa, kokwa, vipande vya vyombo, vifungo. La milimita 1 linakamata miba ya samaki, mbegu za zabibu, pini. La 0.3 linakamata mbegu ndogo kabisa, na humo ndo chakula cha kila siku kimo, kwasababu mbegu za tini na za matunda madogo zinamezwa na kutoka nzima tumboni. Kokwa la embe halimezwi na mtu, kwahiyo likiwa shimoni limetupwa. Mbegu ya tini imepita kwenye mwili wa mtu. Hiyo tofauti iandike.

Utakuta pia mbegu zilizogeuka jiwe. Kinyesi kina fosfeti nyingi, mifupa na chokaa vinatoa kalsiamu, kwenye unyevu vinaingia ndani ya mbegu na kuchukua nafasi ya nyama yake. Inakuwa ngumu, rangi ya kahawia ya njano, watu wanaitupa wakidhani kokoto. Kwenye pwani yetu hizi ni za kuzitafuta kwa makini, maana udongo wa mchanga na matumbawe unapitisha maji haraka na mbegu laini zinaoza, zinazobaki ni zilizoungua na hizi za jiwe.

Zinafika mbali, mbegu hizi. Kwenye yale mapipa ya Odense zilitoka mbegu nyingi za rasiberi. Copenhagen, vyoo vya miaka ya 1680 vilitoa tini na zabibu za Mediterania, na karafuu, ambazo wakati huo zilikuwa zinatoka visiwa vya Moluccas huko Indonesia (mashamba ya karafuu Zanzibar yalikuja karne ya 19). Karafuu moja kwenye choo cha Denmark inakuonyesha biashara iliyozunguka nusu ya dunia ikaishia kwenye sufuria ya mtu.

*Ukifaulu:* trei ya milimita 0.3 ikikauka kivulini (hii ni kwa vitu vigumu tu, vilaini weka kwenye maji ndani ya chupa) unaweza kupanga mafungu ya mbegu, mifupa, wadudu na vingine, kila fungu na namba ya tabaka.

Hatua ya 7: Minyoo

Hii inahitaji maabara, hadubini ya kukuza mara 400 inatosha. Chukua kama gramu moja ya ile sampuli ya baridi, loweka kwenye maji yenye trisodiamu fosfeti asilimia 0.5 kwa siku tatu ili mayai yanywe maji na kurudi umbo lake. Halafu chuja kwa nyavu za mikroni 160 na 20 (mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita). Kilichobaki juu ya wavu wa 20 ndo unakiangalia, kwasababu mayai ya minyoo mengi ni makubwa kuliko hapo.

Yai la trikurisi, mnyoo mdogo wa utumbo, lina urefu wa mikroni 50 hivi na vizibo viwili, kimoja kila ncha, ukiliona mara moja hulisahau. Askarisi ni la mviringo na ganda lake lina vinundu. Tegu ni dogo la duara, mikroni 30 mpaka 40, lina michirizi inayotoka katikati kwenda nje. Yai la kichocho ni kubwa zaidi na lina mwiba, ukiwa ubavuni ni kichocho cha utumbo, ukiwa nchani ni cha mkojo.

Maana yake kwa maisha ya watu: trikurisi na askarisi zinaenea kwa kinyesi kuingia kwenye chakula, kwahiyo ni habari ya mikono, maji, na mboga zilizowekewa mbolea ya chooni. Tegu ni habari ya nyama isiyoiva. Kule York, Uingereza, mwaka 1972 walikuta kinyesi kizima cha mtu wa enzi za Waviking, kirefu kama sentimita 20, mayai ya trikurisi na ya minyoo mikubwa yamejaa. Alikula nyama na mkate, na tumbo lake halikuwa zima. Jerusalem, choo cha jumba la kifahari la karne ya 7 kabla ya Kristo, chenye kiti cha jiwe kilichochongwa, kimetoa aina nne za minyoo. Yaani pesa ya kujenga choo binafsi ilikuwepo, kinga haikuwepo.

Mfano ninaoupenda kuliko yote uko Xuanquanzhi, karibu na Dunhuang, China, kituo cha wasafiri kwenye Njia ya Hariri. Kwenye choo cha miaka 2000 iliyopita walikuta vijiti vya kujipangusia vilivyozungushiwa kitambaa, na kwenye kitambaa mayai ya mnyoo wa ini anayepatikana kwa kula samaki mbichi wa maeneo ya majimaji. Dunhuang ni kukavu, sehemu ya karibu yenye mnyoo huyo iko kama kilomita 1500. Kwahiyo mtu alisafiri na mnyoo wake mwilini umbali wote huo, na kijiti kimemtolea ushahidi.

Onyo: askarisi na trikurisi za nguruwe zinafanana mno na za binadamu. Kama kuna dalili mifugo ilikuwa karibu na shimo, usiandike "binadamu" kwa uhakika mpaka maabara wapime steroli, kemikali za kinyesi zinazosaidia kutofautisha mtu na mnyama.

Hatua ya 8: Pata tarehe

Kanuni ni fupi: tabaka haliwezi kuwa la zamani kuliko kitu kipya kabisa kilichomo. Sarafu kumi za 1820 na chupa moja yenye mdomo wa kizibo cha bati, ambacho kilipewa hati miliki 1892, basi tabaka limefungwa 1892 au baadae, hata kama vingine vyote ni vya bibi. Chupa iliyotengenezwa kwa mashine ya Owens, ya mwaka 1903 kuja mbele, ina mshono unaopanda mpaka juu ya mdomo. Pitisha kucha utauhisi.

Ndo maana kuchanganya matabaka kunaua kila kitu, chupa moja ya juu ikidondoka kwenye mfuko wa chini umesogeza tarehe ya watu wengine kabisa.

Kwa pwani, sarafu za Kilwa hazina mwaka, zina jina la sultani, na zilizunguka mikononi muda mrefu. Tegemea zaidi vyombo vya kauri vya China na vya Mashariki ya Kati, na hata hivyo kumbuka bakuli zuri lilitunzwa vizazi kadhaa kabla ya kuvunjika.

Hatua ya 9: Sasa isome nyumba

Weka mezani tabaka moja tu kwa wakati na jiulize: walikula nini, waliumwa nini, walikuwa na hela kiasi gani, walikuwepo watoto, walificha nini. Swali la mwisho sio la kudharau. Shimo la choo lilikuwa mahali pazuri pa kutupia kitu usichotaka mtu akione.

Mtaa wa Five Points, New York, magazeti ya karne ya 19 yaliuandika kama jalala la watu waovu. Mwaka 1991 wakati wa kujenga mahakama wakachimba vyoo vya mtaa ule, na vitu kama 850,000 vikatoka: seti za chai, sahani zenye maua, vikombe vya watoto, vifaa vya mafundi nguo na viatu. Watu maskini waliojitahidi kuweka nyumba zao. Lakini kwenye choo cha nyuma ya nyumba namba 12 Baxter Street, iliyokuwa danguro, kulikuwa na vyombo vizuri vya porcelaini na pia mifupa ya vichanga. Vyote viwili ni kweli, vyote viwili viandikwe, na mifupa ile ishughulikiwe kwa heshima, ni watoto wa mtu.

Usiseme "familia hii" kabla hujajua wangapi walitumia kile choo. Kwenye nyumba za kupanga choo kimoja kilikuwa cha kaya nyingi. Na kifusi cha kufungia kinaweza kuwa cha jirani, au cha mpangaji aliyehama, sio cha waliokuwa wanajisaidia humo. Chakula na ugonjwa vitoe kwenye tabaka la matumizi tu. Vyombo vya kifusi vinakuambia kuhusu siku ya kufunga, basi.

Hatua ya 10: Hifadhi, na hifadhi mara mbili

Vile vitu vya Five Points viliwekwa kwenye basementi ya jengo mojawapo la World Trade Center. Tarehe 11 Septemba 2001 vikapotea, vikabaki 18 tu vilivyokuwa vimeazimwa kwa maonyesho. Kinachofanya tuujue ule mtaa leo ni michoro, picha na ripoti zilizokuwa sehemu nyingine.

Kwahiyo scan fomu zako zote jioni ileile, nakala moja ibaki kwenye mradi, nyingine iende makumbusho au chuo kinachosimamia kibali. Mifuko ya udongo iandikwe lebo mbili, moja ndani na moja nje, zenye jina la eneo, namba ya shimo, namba ya tabaka, tarehe na jina la aliyechimba. Bakiza lita chache za kila tabaka bila kuchekecha, funga, weka sehemu ya baridi na giza, na kwenye ripoti andika ziko wapi na ni lita ngapi ili atakayekuja na kipimo kipya ajue pa kuanzia.